Mjomba, nimeanza lugha nne na sina gemu hata moja

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 20, naishi Ngamiani, Tanga. Kidato cha sita nilimaliza mwaka jana, na sasa namsaidia mama dukani huku nasubiri mambo ya chuo. Nina laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo kwa hela ya kudunduliza. Ni Core i3, RAM ya GB 4, betri imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika na yenyewe inazimika hapohapo.

Ninachotaka maishani ni kutengeneza gemu. Mawazo ninayo mawili. La kwanza ni bao, hili bao letu la kete. Babu yangu ni mchezaji wa kuogopwa, kila baada ya alasiri yuko barazani, lakini siku hizi miguu inamsumbua na mvua ikinyesha hatoki. Nataka acheze kwenye simu, na mimi au na wenzake. La pili ni gemu ya daladala: mji mzima wa Tanga, unaendesha, unapakia abiria, konda anagonga bodi, trafiki anakusimamisha, na ukitaka unashuka unatembea popote kama kwenye GTA.

Shida yangu ni lugha. Nilianza na Python kwa sababu kila video inasema ndiyo rahisi. Nilipofika kwenye orodha na fanksheni nikamkuta mtu anasema Python inakokota miguu, huwezi kufanya nayo gemu ya maana. Binamu yangu yuko Maskati, anafanya kazi ya mitandao ya kompyuta, akaniambia watu wazito wote wanaandika C++. Nikahamia huko. Nilipofika kwenye pointa, zile namba za kuonyesha kitu kilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nikakwama wiki tatu. Mwalimu wangu wa zamani akasema nijifunze Java, mbona Minecraft iliandikwa kwa Java. Hiyo sikuigusa, niliiogopa tu. Rafiki yangu akasema habari ya mjini ni Unity, programu ya kutengenezea gemu, na lugha yake ya C#. Nilinunua bando la usiku siku mbili mfululizo kupakua, diski ikajaa, na ilipofunguka laptopu ikaganda huku feni inalia kama bodaboda inapanda mlima. Sasa hivi niko JavaScript, wiki ya pili.

Hesabu yake ni miezi minane, Mjomba. Katika kila lugha nimeandika programu ya kuchapisha jina langu, kikokotoo, na ile ya kubahatisha namba. Gemu hakuna. Juzi mama kaniuliza hicho ninachobonyeza usiku kucha kina mshahara? Sikuwa na jibu.

Niambie ukweli, nishike lugha gani? Na tafadhali usiniambie "yoyote tu". Hiyo nimeshaambiwa mara nyingi na haijanisaidia kitu.

Aliyechanganyikiwa, Tanga

Mjomba anajibu

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na jibu, maelezo yafuate, maana miezi minane inatosha. Pakua Godot, programu ya kutengenezea gemu (wenyewe huiita injini), andika kwa lugha yake ya GDScript, na uanze na bao. Daladala iegeshe kwanza. Ukitaka ishia hapa uende ukaanze kazi, sitanuna.

Sasa kwa nini. Barua yako imefichua jambo ambalo nadhani hukulikusudia: lugha zote umeziacha palepale. Python uliiacha kwenye orodha na fanksheni, C++ kwenye pointa, hiyo ya C# hata hukufika. Hapo ndipo masomo ya kuigiza yanapoishia na mtu anatakiwa akae mbele ya faili tupu aamue mwenyewe kete zitahifadhiwaje, nani anacheza sasa, na mchezo unaisha lini. Hilo ni zito katika kila lugha. Ukihamia lugha mpya unarudishwa kwenye kuchapisha jina lako, na kuchapisha jina ni raha, kila kitu kinafanya kazi mara ya kwanza. Kwa hiyo somo la kwanza umelisoma mara nne, la pili hujalisoma hata mara moja.

Ugonjwa huo naujua vizuri kwa sababu umeshanilaza kitandani. Mwaka mzima wa ujana wangu niliutumia kuandika injini yangu mwenyewe ya gemu, kwa C++, maana nilisikia kutumia injini ya mtu mwingine ni uvivu. Mwisho wa mwaka nilikuwa na dirisha jeusi lenye pembetatu nyekundu. Ilikuwa inazunguka vizuri sana, hilo lazima niseme.

Umenikataza kusema "yoyote tu", na hapo niko upande wako. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wanaojua lugha tano, wamesahau siku ya kwanza ilivyokuwa. Kwa mtu anayeanza, tofauti ya lugha inaonekana pale anapokosea, na wewe utakosea kila baada ya dakika kumi. Nitakuonyesha kwa bao lako hilohilo.

Kila mchezaji ana mashimo 16, manane ya mbele na manane ya nyuma. Yape namba: ya mbele kutoka kushoto kwenda kulia ni 0 mpaka 7, kisha unageuka, ya nyuma kutoka kulia kurudi kushoto ni 8 mpaka 15. Ukitoka 15 unarudi 0, kwa hiyo ni duara. Orodha moja ya namba 16 inatosha kubeba upande mzima wa babu. Kusambaza kete kwa GDScript ni hivi:

func sambaza(shimo, mwelekeo):
    var kete = mashimo[shimo]
    mashimo[shimo] = 0
    while kete > 0:
        shimo = shimo + mwelekeo
        mashimo[shimo] += 1
        kete -= 1

Soma polepole. Unachota kete zote za shimo, shimo linabaki tupu, kisha mradi mkono una kete unasogea hatua moja na kudondosha moja. Mwelekeo ni 1 ukienda kulia, na -1 ukienda kushoto. Mistari hiyo ina kosa, na nimeliacha makusudi. Ukiwa shimo la 0 ukaenda kushoto, unafika shimo la -1. Shimo hilo kwenye ubao halipo.

Sasa angalia kila lugha inavyolipokea kosa lako.

Kwenye Java na C#, programu inasimama na kukuambia umetoka nje ya orodha, na mstari ni huu. Ni kama msimamizi mkali wa mtihani, lakini anakuonyesha swali ulilokosea. JavaScript haisemi kitu. Inajitengenezea nafasi inayoitwa "-1" pembeni, inaweka humo kitu ambacho hata si namba, na gemu inaendelea. Kete moja imepotea, na utakuja kugundua dakika tano baadaye babu akilalamika kwamba hesabu haitimii. C++ ndiyo hatari zaidi: inakwenda kuandika kwenye kumbukumbu iliyo jirani na orodha yako, ambako huenda kumekaa idadi ya kete za mkononi, au zamu ya mchezaji, au jambo jingine kabisa. Leo gemu inacheza vizuri, kesho inaanguka, na penye kosa ni mbali na panapoonekana. Wiki zako tatu za pointa zilikuwa utangulizi tu wa mambo hayo.

Python na GDScript zina tabia ya kuchekesha. Kwao -1 maana yake ni "cha mwisho kwenye orodha". Cha mwisho ni shimo la 15, na kwenye duara letu hilo ndilo shimo sahihi! Umekosea, na kete imeingia panapotakiwa. Lakini usishangilie. Programu bado inadhani iko shimo la -1, na ukiiuliza "je, namba hii ni chini ya 8?" ili kujua kama uko safu ya mbele inayoruhusiwa kula, itajibu ndiyo, wakati kete imelala nyuma. Ukienda upande wa pili ukafika 16, hapo zitasimama na kukuonyesha mstari. Dawa ya pande zote mbili ni kubadilisha mstari mmoja:

shimo = posmod(shimo + mwelekeo, 16)

Yaani gawanya kwa 16 uchukue baki, na baki isiwe hasi kamwe. Basi. Na kwa kuwa bao lina kete 64 tangu mwanzo mpaka mwisho, kila baada ya zamu jumlisha mashimo yote pamoja na kete za mikononi. Isipokuwa 64, amuru programu isimame. Mstari huo mmoja utakukamatia makosa mengi kuliko usiku kumi wa kukodoa macho.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni hicho, lugha inayokuambia ulipokosea bila kukutisha. Cha pili ni laptopu yako, ambayo kwa kweli imeshapiga kura. Unity inataka GB kadhaa za diski na RAM ya kujimwaga. Godot unaipakua kama zipu moja, haifiki MB 200, unaifungua inafanya kazi bila hata kusakinishwa. Kwa RAM ya GB 4 inatembea, hasa kwa gemu ya picha bapa (2D) kama bao. Unapoanzisha mradi utaulizwa aina ya uchoraji. Chagua ile iliyoandikwa Compatibility, ndiyo ya mashine za hali yetu. Kama kadi yako ya picha ni ya zamani mno ikagoma, shuka kwenye toleo la 3, halina aibu. Bando la usiku utalihitaji baadaye, siku ya kutoa gemu kwa ajili ya simu: kuna furushi la ziada ambalo ni kubwa kuliko injini yenyewe mara kadhaa, na kwa Android utahitaji pia vifaa vya Java na vya Android. Usianze navyo. Kwa miezi ya kwanza kucheza kwenye laptopu kunatosha.

Godot ilianzia Argentina, mikononi mwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 wakaufungua msimbo wake kwa kila mtu chini ya leseni ya MIT. Maana yake kwa mtu wa Ngamiani: hulipi kuipakua, hulipi ukiuza gemu, na hakuna atakayeamka siku moja abadilishe masharti ya gemu uliyokwisha kuitoa. Nakumbusha hili kwa sababu Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba gemu zikivuka kiwango fulani cha mapato na cha kupakuliwa, mwenye gemu atatozwa kwa kila mara inapowekwa kwenye kifaa kipya. Watengenezaji dunia nzima wakaja juu. Ada hiyo ilifutwa Septemba 2024, lakini mwaka mzima watu walikuwa wanahesabu vichwa. Siichukii Unity. C# ni lugha nzuri sana, na siku ukipata mashine ya maana na kazi inayoitaka, utajifunza bila shida. Hata Godot ina toleo linalokubali C#.

Utaniuliza, GDScript si lugha ya Godot peke yake, nikitoka humo nitaenda nayo wapi? Swali zuri. Jibu ni kwamba imefanana na Python kama mtu na mdogo wake. Unajongeza mistari vilevile, orodha zilezile, fanksheni zimebadilika neno la kuzitangulizia tu. Kwa hiyo ile Python uliyoiacha nyuma umeikuta mbele, na ukitoka Godot utaondoka na kitu ambacho lugha yoyote nyingine inakitaka: umeshawahi kumaliza gemu.

Mpe salamu binamu wa Maskati. Kuhusu gemu kubwa, kasema kweli. Unreal, injini ya gemu kubwa, ni C++, na studio nyingi kubwa zinaandika C++, kwa sababu gemu inayochora picha 60 kwa sekunde ina milisekunde 16 na ushee kufanya kila kitu: magari, vivuli, moshi, risasi, kisha ianze upya. Anayetafuta kila chembe ya kasi anataka lugha inayomwachia usukani wa kumbukumbu. Lakini bao lina kete 64 na linasubiri mtu aguse shimo. Kompyuta yako, hata hiyo yenye feni ya bodaboda, itakuwa imesinzia. Tena mwambie Godot yenyewe imeandikwa kwa C++. Kuna watu wameshahangaika na pointa kwa niaba yako, na wamekuachia upande wa juu.

Python peke yake, pamoja na Pygame, maktaba yake ya gemu iliyoanza mwaka 2000, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Nisingeikataa kama usingekuwa na babu. Shida yake ni kuitoa kwenye laptopu kuipeleka kwenye simu ya mtu. Inawezekana, ila utapata mvi kabla yake. Java, mwalimu wako hakukosea: Markus Persson aliianza Minecraft kwa Java mwaka 2009. Lakini hakuchagua Java ili afanane na mtu. Ndiyo aliyokuwa anaijua. Lua, lugha ya Brazil, nayo ni nyepesi na tamu, na Balatro, ile gemu ya karata iliyotoka 2024 na kuvuma dunia nzima, ilitengenezwa na mtu mmoja kwa Lua na kifaa kidogo kinachoitwa LÖVE.

JavaScript ndiyo iliyonifanya nisite. Haitaki chochote zaidi ya kivinjari na programu ya kuandikia, na gemu yako inakuwa kiungo cha kutuma WhatsApp, mtu anagusa anacheza. Vampire Survivors, iliyowapa watu usingizi wa saa tatu kwa siku, ilianza kwa njia hiyohiyo, kwa kutumia Phaser, maktaba ya gemu za JavaScript. Mtu ambaye hata Godot inamgomea, au anayefanyia kazi kwenye kompyuta za kuazima, ningempeleka huko bila kufikiri mara mbili. Wewe ningekuacha hukohuko ulipo kama ungeniambia umefika wiki ya kumi. Wiki ya pili bado hujavunja hata ungo. Hama mara hii, ya mwisho, kwa sababu JavaScript inanyamazia makosa na wewe uko peke yako, huna wa kumwita akuangalizie. Na kwa faraja yako, Godot nayo inaweza kutoa gemu ya kuchezea kwenye kivinjari.

Kuhusu daladala, sitakuzungusha. Mji mzima, abiria, trafiki, kushuka na kutembea popote: gemu ya namna hiyo ya GTA inatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka. Hakuna lugha itakayokufupishia. Ila ndani ya hilo wazo lako kuna gemu ndogo nzuri: basi moja, barabara moja inayoonekana kutoka juu, vituo vitano, unasimama abiria wanapanda, ukizidisha trafiki anatokea. Hiyo ni ya pili, baada ya bao. Utakapoifikia, kumbuka neno delta. Anayeanza huandika "basi lisogee pikseli 5 kila fremu", yaani kila picha inapochorwa upya. Kwenye laptopu yako yenye fremu 60 kwa sekunde basi linakwenda pikseli 300. Kwenye simu iliyochoka yenye 30 linakwenda 150, kama lina pancha. Kwenye simu mpya yenye 120 linaruka 600 na kupitiliza kituo. Godot inakupa delta, muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Andika 300 * delta, na basi litakwenda mwendo mmoja kwenye simu zote. Nimeshaona gemu imetolewa sokoni ikiwa na kosa hilo, na mtengenezaji anabishana na wachezaji kwamba ni simu zao.

Turudi barazani. Usijaribu kuandika bao zima kwa mara moja, sheria zake ni nyingi kuliko unavyodhani kwa sababu wewe umezizoea. Wiki ya kwanza chora mashimo 16 ya upande mmoja, namba tupu ndani ya miduara, hakuna mbao wala nakshi, na uguse shimo kete zisambae. Ukimaliza hapo onyesha mtu. Kisha weka upande wa pili. Ukihesabu kila mchezaji kwa kushoto kwake, shimo lako la 0 linatazamana na la 7 la mwenzako, yaani 7 toa namba yako; andika hilo kwenye karatasi ukalibandike ukutani, maana utalikosea. Kisha kula. Kisha mwendelezo, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea, ikiangukia tupu unalala, zamu imekwisha. Ndipo uingize mwanzo halisi: kete 6 kwenye nyumba, lile shimo kuu la safu ya mbele, mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi, na kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja mpaka ziishe na mtaji, awamu ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni, uanze. Sheria za kichwa na kimbi, mashimo ya ncha za safu ya mbele, zifuate. Sheria ya takasia iache mwisho kabisa. Wapo wazee wanaoibishania mpaka leo, kompyuta haina haraka.

Na usitengeneze mpinzani wa kompyuta. Najua utatamani. Weka simu katikati, watu wawili, zamu kwa zamu, kama ubao wenyewe. Mpinzani anayefikiri ni mradi mwingine kabisa, na babu anataka mtu wa kumtambia.

Msimbo wako utakuwa mchafu. Terry Cavanagh alipoufungua msimbo wa gemu yake ya VVVVVV mwaka 2020, watengenezaji walikuta humo orodha moja ya masharti iliyorefuka mpaka inatia kizunguzungu, imeongoza gemu nzima, na gemu hiyo watu waliinunua na kuipenda. Kwa hiyo video ya "namna sahihi ya kupanga kodi" (kodi ya kompyuta, mpwa, ya nyumba haina namna sahihi) usiitazame mpaka bao lichezeke. Ila jambo moja usilikwepe: betri imekufa na umeme unakatika, basi jifunze Git, programu ya kutunza nakala za msimbo, kiasi cha kuhifadhi tu, amri tatu, siku moja, na kila jioni peleka nakala nje ya laptopu. Mwanafunzi wangu mmoja alipoteza miezi miwili kwa diski iliyokufa na hakurudi tena kwenye gemu.

Mama. Mjibu kwa adabu na usimpe ndoto. Mwambie kwa sasa haina mshahara. Kufungua akaunti ya mtengenezaji kwenye duka la Google ni dola 25, unalipa mara moja, Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, itch.io, duka jingine la gemu mtandaoni, ni bure, na ndipo utakapoanzia. Watengenezaji wengi wanaofanya peke yao hawarudishi hata hela ya bando. Wapo waliotoka, kama Eric Barone wa Stardew Valley, aliyekaa zaidi ya miaka minne akifanya peke yake, michoro mpaka muziki, kabla ya kuitoa 2016. Lakini huo si mpango wa kumwekea mama mezani. Mpango ni huu: muombe miezi mitatu ya usiku, mchana wote uko dukani bila kununa, na mwisho wa miezi mitatu bao linacheza. Kama lina kasoro, lina kasoro, lakini linacheza. Kujua kuandika programu kuna kazi nyingine nyingi nje ya gemu, na mtu mwenye kitu kinachofanya kazi mkononi haulizwi vyeti vingi.

Kabla hujaandika mstari wa kwanza, nenda ukakae na babu jioni moja na daftari. Muulize hili: katikati ya mtaji, kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yake mwenyewe ambayo haijavunjwa, anaruhusiwa kulala hapo, au lazima asafiri, yaani azichote zote aendelee kusambaza? Na ni nani anayeamua, yeye au mwenzake? Usimsaidie kujibu. Andika anavyosema, kwa maneno yake, kisha muulize na mzee mwingine wa baraza hilohilo. Wakitofautiana, niandikie kabla hujaendelea, maana kwetu ubao uliwahi kutupwa mtaroni kwa ajili ya swali hilo, na ningependa kujua Tanga mnalimalizaje.

Mjomba